Daraja la Mawe Huko Berezina

Jumatatu, 30 Novemba 1840

Baridi imetushinda. Maji ya kuchanganyia chokaa yameganda ndoo nzima. Saa nne asubuhi msimamizi akatuambia tushuke jukwaani twende zetu. Chokaa haishiki kwenye barafu, na yeye hajengi nyumba ya kuanguka Pasaka. Kazi hakuna mpaka barafu iachie.

Wengi wa kwetu Creuse walishafunga mizigo. Wiki nzima kwa miguu, halafu supu ya mke. Mimi nimebaki. Nimemwandikia mke wangu Catherine kwamba Paris kazi ni nyingi mno. Mungu anisamehe. Sababu ya kweli haiandikiki kwa mwanamke mwenye akili: natunga kitabu.

Tena si kitabu hivi hivi. Kitabu cha Napoleon! Wanamrudisha. Miaka kumi na tisa amelala kisiwani kwa Waingereza, sasa jeneza liko njiani, na tarehe kumi na tano Desemba litaingia mjini. Watu wamepagawa. Madirisha ya wauza vitabu ni yeye mtupu. Madaktari wameandika, wapishi wameandika, na yupo mmoja, nasikia, kazi yake ilikuwa kumfunga Kaizari vifungo vya koti, ameandika juzuu nne. Ikiwa mfunga vifungo anasomwa, mwashi aliyesoma kwa padri misimu mitatu ya baridi ana kosa gani?

Jumatano, 2 Desemba

Leo ndiyo siku ya ushindi wa Kaizari huko Austerlitz. Nikaona ni dalili njema. Nikaenda kwa Bwana Delorge, mpiga chapa na muuza vitabu, nyuma ya gati. Nikamwambia mimi ni askari wa zamani, niliona Austerlitz kwa macho yangu haya.

Akauliza umri wangu. Nikasema thelathini na saba. Mjinga mimi! Akahesabu kwa vidole vyake vya wino. Austerlitz nilikuwa na miaka miwili. Akataka kujua kama nilikuwa upande wa mizinga au upande wa kunyonya. Wafanyakazi wake wakacheka mpaka mmoja akaangusha sanduku la herufi.

Ila hakunifukuza. Alisema maofisa anao tele, wamejaa mpaka kwenye ngazi. Anachotafuta ni askari wa kawaida, mwenye baridi ya Urusi mifupani, kwa kijitabu cha bei ndogo cha kuuzwa njiani siku ya jeneza. Nimpelekee Alhamisi ya wiki ijayo. Na Kaizari awemo kila ukurasa, la sivyo nisisumbue miguu yangu. Malipo yangu yatakuwa nakala hamsini, niuze mwenyewe.

Nimerudi nikiwaza nitampata wapi askari. Nimefika kwenye mlango wa nyumba ya wapangaji ndipo nikakumbuka. Nalala naye kitanda kimoja!

Mzee Silvain Peyrot. Waashi sisi tunalala wawili wawili, na mimi nimegawiwa yeye. Miaka miwili sasa. Ninachojua juu yake ni kwamba miguu yake ni baridi kama kufuli.

Alhamisi, 3 Desemba

Mzee Silvain ana vidole viwili mkono wa kushoto. Vitatu vilibaki Urusi. Hasemi habari hizo kamwe. Nikamnunulia mvinyo. Akanywa. Akazungumza juu ya mkate. Mkate wa Ujerumani, mkate wa Poland, mkate wenye majani makavu ndani. Nusu chupa ikaenda na mkate!

Nikamuuliza kama alimwona Kaizari. Akasema ndiyo, mara moja. Nikashika kalamu. Alimwona mgongo, ndani ya gari, likienda mbio upande mwingine. Mgongo tu!

Kisha akauliza ninataka nini hasa. Nikamwambia. Akamaliza mvinyo uliobaki. Halafu akasema atanieleza yote, kwa sharti moja: kaka yake Martial awemo. Jina lake, na alichofanya, na kwamba amekufa.

Walikuwa wawili. Jeshi lilipofika mto Berezina likirudi kutoka Moscow, adui alikuwa nyuma na mto ulikuwa mbele, vipande vya barafu vinaelea juu yake. Wakajenga daraja la mbao. Watu waliingia majini mpaka kifuani kushikilia nguzo, wengine wakipigilia juu. Martial aliingia. Akatoka, akapewa tone la pombe, akaingia tena. Akatoka. Mara ya tatu hakutoka. Nguzo ilisimama. Mzee Silvain alivuka juu yake.

Jeshi liliandika kwamba hajulikani aliko. Basi! Na padri wa kijijini kwao halitaji jina kwenye misa ya wafu bila karatasi, kwa kuwa asiyejulikana aliko si maiti. Miaka ishirini na minane Martial si hai wala si marehemu. Lakini padri ni mtu wa vitabu, alisema mzee. "Kikipigwa chapa atakiamini, Annet. Wewe liandike tu vile lilivyo."

Niliandika kurasa mbili papo hapo. Nikaapa kwa kaburi la mama yangu. Mama yu hai, lakini kiapo kilitoka vizuri.

Jumapili, 6 Desemba

Naandika kwa bidii. Kalamu inaumiza vidole kuliko mwiko wa uashi.

Anselme Coudert ananichungulia. Huyu ni fundi wa kupaka lipu, naye ndiye msomaji wa chumba. Sisi wapangaji tunachanga kununua historia ya Kaizari inayouzwa karatasi karatasi kila wiki, na baada ya supu Anselme husimama karibu na taa akatusomea. Ana sauti, sikatai. Hata kengele ina sauti. Nani aliwahi kuiuliza kengele maoni yake?

Ameuliza naandika nini. Nimesema barua. Akawaambia wenzake kwamba mke wangu ana subira, maana bwana mwandishi hutumia maneno kumi kusema supu ni ya moto. Mama Fressinet, mwenye nyumba, akasema kwake huwa haikai moto muda wa maneno kumi, tule. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Kuna tatizo. Daraja.

Daraja la mbao ni kazi ya nani? Ya maseremala! Wale wale wanaokunywa kwenye duka la mvinyo la chini, na fimbo zao na riboni zao za chama, na hereni sikioni kama maharusi. Sisi wanatuita mizuka ya chokaa. Juzi tu mmoja aliniuliza kama nimekufa lini, maana uso wangu ulikuwa mweupe. Halafu mimi, Annet Jabouille, mtoto wa mwashi, mjukuu wa mwashi, niwakabidhi Berezina kama zawadi ya Krismasi? Jeshi zima la Ufaransa lililookolewa lishukuru randa na msumeno?

Kamwe! Daraja nimewapa waashi. La mawe. Matao matatu. Nimeeleza vizuri namna tulivyochanganya chokaa huku risasi zikipita. Ni ukurasa mtamu kuliko zote.

Martial nimemweka juu ya tao la kati, na mwiko mkononi. Majini si mahali pa mwashi.

Alhamisi, 10 Desemba

Nimepeleka. Bwana Delorge alisoma akiwa amesimama, kalamu mkononi, akikata kama mtu anayepogoa mzabibu. Mkate wote nje. Viroboto nje. Miguu iliyooza nje. Daraja aliliacha. Ni mzaliwa wa Paris, chokaa anaijua ikishakuwa ukuta.

Alipofika kwa Martial akauliza huyu ni nani. Nikaeleza. Akasema hajawahi kuona mtu anaingia dukani kuulizia Martial. Nikapinga! Nilipinga muda wa kupiga chafya mbili. Akasema basi nizisahau nakala zangu, atatafuta askari mwingine, wapo wanaosubiri nje kwenye theluji.

Nikachungulia nje. Kweli walikuwepo. Mmoja alikuwa na mguu wa mti. Mguu wa mti! Nani angeshindana naye?

Martial ametoka. Mahali pake amekaa Kaizari. Anapanda kwenye tao la kati, anagusa jiwe kwa kiganja, anamvuta mwashi sikio na kumwambia, "Kwa mawe haya, mwanangu, Ufaransa inavuka." Nilipoisoma machozi yalinitoka. Naona ndivyo ilivyokuwa.

Mzee ameuliza jioni kama imekubaliwa. Nimesema ndiyo. Akanishika bega kwa ule mkono wa vidole viwili, akanivutia blanketi la upande wake. Nimelala na joto. Sikulala vizuri.

Jumapili, 13 Desemba

Nakala zimetoka. Kurasa kumi na sita, picha ya tai juu. "Mwashi wa Kaizari." Sikutaka kisomwe chumbani, lakini Mama Fressinet alikiona kwenye koti langu, na baada ya supu wote wakapiga vijiko mezani. Nikasema nitasoma mwenyewe. Wakasema hapana, Anselme asome, mimi nitaongeza maneno.

Akasoma. Moscow wakasikiliza. Theluji wakasikiliza. Nilianza kuvuta pumzi. Kisha akafika darajani.

Chumba kina waashi kumi na moja. Wote wamekaa bure wiki mbili, mikono mapajani, kwa sababu moja tu: chokaa haishiki kwenye barafu. Nami nimewajengea daraja la mawe mtoni, Novemba, Urusi, kwa siku mbili!

Walianza taratibu. Mmoja akauliza ni chokaa ya machimbo gani hiyo, aandikiwe, kesho arudi kazini. Mwingine akasema huenda Kaizari aliipulizia. Anselme akashusha karatasi, akaniuliza kwa heshima kubwa, "Bwana mwandishi, hayo matao yenu, mlitoa viunzi vya mbao vinavyoyashikilia kabla ya jeshi kuvuka au baada?" Mama Fressinet alicheka mpaka akakaa juu ya mikate. Kelele zikasikika mpaka chini, na seremala mmoja akapanda ngazi kuuliza nani kafa.

Mzee Silvain hakucheka. Alingoja kelele ziishe. Akauliza, "Na Martial?"

Anselme akafungua mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Akasema hayumo.

Nikasema atakuwemo sehemu ya pili. Nikasema mpiga chapa ndiye aliyekata. Nikasema nafasi ilikuwa ndogo. Nadhani nilisema mambo mengi. Mzee akauliza tena, taratibu, kwamba hata majini hakuna mtu? Anselme akasema hakuna, mzee, hata maji hayakutajwa sana.

Mzee akaenda kulala. Amegeukia ukutani. Blanketi lote lilikuwa upande wangu.

Jumanne, 15 Desemba

Siku yenyewe! Baridi ya kukata masikio. Watu kama mchanga, wamepanda miti, wamepanda paa. Nikawahi mahali pazuri barabarani, nakala hamsini kifuani.

Nilimwomba Mzee Silvain asimame nami, ainue mkono wake watu wauone. Nakiri, ilihitaji uso mkavu. Alikuja, lakini alisema amekuja kuliona sanduku, si kwa ajili yangu. Mkono akautia mfukoni.

Wauza vijitabu tulikuwa wengi kuliko askari. Yule wa mguu wa mti alikuwa mbele yangu, ananadi kwa kugonga mguu chini! Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyenunua. Nani atoe mkono mfukoni kwa baridi ile?

Saa tano hivi mwanamke mmoja akanunua viwili. Nikamshukuru, nikamuuliza angependa kuanza na vita gani. Akainama, akavua viatu vyake vya mti, akaweka kimoja kila kiatu. Karatasi nene, alisema, hongera. Jirani yake akaona, naye akataka. Kisha mume wa jirani. Ndani ya nusu saa vimekwisha vyote! Mtu mmoja alirudi kuulizia saizi kubwa.

Nimeuza kuliko mguu wa mti. Hilo halina ubishi.

Kisha mizinga ikalia, na lile gari likaja. Juu kama nyumba, dhahabu tupu, farasi kumi na sita. Watu walipaza sauti, "Kaizari aishi!" Halafu likafika mbele yetu na kelele zikafa, sijui kwa nini, ukasikika mchanga ukisagika chini ya magurudumu.

Mzee Silvain akavua kofia. Akatoa mkono ule mfukoni, akaushusha ubavuni, akasimama wima kama ninavyodhani walivyosimama. Akasema, si kwa sauti kubwa, namna wanavyoita majina kikosini:

"Peyrot, Martial."

Akangoja. Kisha akajibu mwenyewe:

"Amekufa. Majini. Nguzo ya nne."

Watu wawili watatu wenye makoti ya zamani ya jeshi yaliyoliwa na nondo waligeuka kumtazama. Mmoja akavua kofia yake pia. Mimi nilikuwa napiga miguu chini kwa baridi. Nikaacha. Gari likapita.

Tulirudi, yeye mbele, mimi nyuma.  

Alhamisi, 17 Desemba

Mzee anaondoka. Kwenda Creuse, peke yake, kwa miguu, katika theluji hii. Asubuhi aliniomba zile kurasa mbili za kwanza, nilizoandika alipokuwa anasema. Atampelekea padri kama zilivyo.

Nilitafuta. Nilitafuta kwa dhati. Nikakumbuka kwamba nyuma yake niliandika Moscow, na Moscow iko kwa Bwana Delorge, na Bwana Delorge huwashia jiko karatasi akishapiga chapa.

Nikamwambia mzee nitamwandikia upya sasa hivi, tena vizuri zaidi. Akasema hapana, Annet. Hasira hakuwa nayo. Afadhali angekuwa nayo.

Akamwendea Anselme. Anselme akafuta meza kwa kiganja, akachukua karatasi moja. Mzee akasema, yeye akaandika. Hakuuliza kitu ila jina la mto linaandikwaje na ilikuwa tarehe gani. Hata supu haikuchemka wakawa wamemaliza. Kisha Anselme akaisoma kwa sauti, na wale waashi wote waliovunjika mbavu Jumapili wakasogea mezani. Mama Fressinet akazima jiko apate kusikia.

Nilisikiliza kwa makini, kama fundi anavyotazama ukuta wa fundi mwingine. Ukweli niuandike: hamna kitu! Hakuna hata mshangao mmoja. Mtu anaingia majini, anatoka, anaingia, haonekani tena. Kaizari hayumo kabisa, hata mgongo. Nani atanunua? Chini mzee akaweka alama yake, na Anselme akaweka jina lake kuwa shahidi, na wengine tisa baada yake. Walipofika kwangu kalamu ilikuwa imekauka, au walisema imekauka.

Mzee akaikunja akaitia ndani ya shati, kwenye ngozi. Mlangoni akanipa mkono. Akasema, "Wewe si mtu mbaya, mwanangu. Ila unaogopa sana kitu kikiwa kidogo."

Nimelifikiria neno lile mchana kutwa. Sijaona linanihusu vipi.

Kitanda ni kikubwa mno.

Jumapili, 20 Desemba

Habari njema! Bwana Delorge aliniita Ijumaa. Anasema vijitabu vyangu ndivyo vilivyokwisha mapema kuliko vya wote barabarani ile. Kwa nini vilikwisha hakuuliza, nami sikuona sababu ya kumchosha. Anataka sehemu ya pili.

Nikamsimulia kuitwa kwa jina pale njiani. Macho yakamtoka! Akasema hiyo, hiyo ndiyo. Nimeandika siku mbili bila kuinua kichwa, na safari hii ahadi nimeitimiza. Martial yumo. Jina lake lipo ukurasa wa kwanza, herufi kubwa.

Kulikuwa na marekebisho machache tu. Anayeita jina sasa ni Kaizari mwenyewe, juu ya farasi, ukingoni mwa mto. Lakini Kaizari akimwita askari wa kawaida tu aliye majini, ukurasa unapwaya. Nikampa Martial ukanali. Bwana Delorge akasema kwa nini tubane, tukampa ujenerali. Peyrot nayo haina mlio, ni kama jina la muuza kabichi, kwa hiyo anaitwa Jenerali Martial wa Peyrac. Na mwisho ulikuwa mzito. Bwana Delorge anasema watu wameshazika mmoja mwezi huu, wasizikishwe tena. Kwa hiyo hafi. Anaitika "Nipo!", anatoka majini upande wa pili, anaolewa na binti wa mtawala wa Poland, yaani anamwoa, na mpaka leo anaishi huko kwenye jumba la mawe, mzima wa afya.

Nakala ya kwanza nimeifunga vizuri na kuipeleka posta mwenyewe, kwa padri wa kijijini kwa kina Peyrot. Juu nimeandika kwamba habari zote za ndani ni za kweli. Kwa mwendo wa gari la posta itafika kabla ya mzee. Atakapoingia kanisani na karatasi yake moja, padri atakuwa ameshasoma kitabu kizima.